Je, siku chache za maabara hubadili jeni za mtoto?

Swali: Ninatotolesha vifaranga wa sato hapa Ilemela, Mwanza. Mimi na mke wangu tumeshauriwa kupandikiza mimba, yaani yai lirutubishwe maabara na kukaa humo siku chache kabla ya kuwekwa tumboni. Ninajua jinsi joto la maji linavyowageuza vifaranga. Je, maabara inaweza kubadili jeni za mtoto wetu?

Jibu: Ndugu msomaji, kazi yako imekufikisha penye kiini cha jambo. Vifaranga wa sato wakikaa siku za mwanzo katika maji ya nyuzi 36 hivi, jeni ya aromatasi, kimeng'enya kinachotengeneza homoni ya kike, hufifia, na baadhi ya walioandikiwa kuwa majike hukua wakiwa madume, ilhali vinasaba vyao ni vilevile. Kwa kiinitete cha binadamu, yaani mimba changa ya siku za mwanzo, pia hofu si jeni kubadilika, bali kuwashwa au kuzimwa isivyostahili.

Siku mbili za kwanza kiinitete huendeshwa na maagizo yaliyoachwa na mama ndani ya yai. Jeni zake huanza kuwaka kwa wingi kufikia siku ya tatu, kikiwa na seli nne hadi nane. Wakati huohuo alama nyingi za metili, zinazosaidia kuzima jeni, hufutwa, isipokuwa zile zinazotofautisha nakala ya jeni iliyotoka kwa mama na iliyotoka kwa baba, ambazo lazima zisalimike. Haya yote hutokea ndani ya tone dogo la kimiminiko lililofunikwa kwa mafuta, katika inkubeta ya nyuzi 37, na muundo wa kimiminiko hicho, kiasi cha oksijeni, hata homoni alizodungwa mama ili kukomaza mayai, vinaweza kuacha athari. Katika viinitete vya panya, nakala ya baba ya jeni H19, inayopaswa kuzimwa, iliwaka katika kimiminiko kimoja na kubaki imezimwa katika kingine.

Kwa watoto, ugonjwa wa Beckwith-Wiedemann, unaoweza kutokana na kasoro katika alama hizo za metili na wenye dalili za ulimi mkubwa na ukuaji uliopitiliza, huonekana mara kadhaa zaidi baada ya upandikizaji. Lakini kwa kawaida humpata mtoto mmoja katika zaidi ya 10,000, kwa hiyo hata ukizidishwa hivyo unabaki adimu, na huenda ugumba wenyewe unachangia.

Ningekuwa wewe, ningeuliza kwanza watapandikiza viinitete vingapi, kwa sababu mimba ya mapacha, pamoja na uzazi wa kabla ya wakati unaoandamana nayo, huwadhuru watoto wengi zaidi kuliko kasoro za metili.