Kubadilisha mandhari ya zamani kwenye reli ya mfano

Ukiichoka kona moja ya reli yako ya mfano, ile ya treni ndogo za mezani, usibomoe kila kitu. Njia ikiwa imenyooka na treni inapita vizuri, iache hapo hapo. Ondoa kilicho pembeni yake tu, na hicho kipya kijenge mezani juu ya kipande cha foamu ngumu kilichokatwa kwa umbo la pengo.

Kona yangu ilikuwa kijiji cha Kiingereza, kwa kuwa nyumba nyingi za dukani ni za Ulaya. Lakini treni yangu ni mfano wa Garratt, injini ndefu ya mvuke yenye mwili wa vipande vilivyoungana, ya daraja la 59, zile injini 34 ambazo Beyer Peacock wa Manchester waliitengenezea East African Railways mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya kwetu. Mount Gelai bado ipo Makumbusho ya Reli, Nairobi. Injini ya tani zaidi ya 250, iliyopandisha mizigo kutoka Mombasa hadi bara, inastahili kupita mahali pake. Nikachagua Voi, mji wa Kenya kwenye reli hiyo.

Kabla ya kushika kisu, pima nafasi. Kwa kipimo cha 1:87, yaani mara 87 ndogo kuliko halisi, Garratt hiyo ina urefu wa karibu sentimita 36, na njia inapopinda mwili wake hutokeza nje ya reli. Tandaza karatasi kando ya njia, funga penseli ubavuni mwa injini, uisukume polepole kwa mkono. Mstari utakaochorwa ndio mpaka wako: ukuta, mti au mtu asiuvuke.

Kisha zima umeme, funika reli kwa selotepu ya karatasi, na ulowanishe kokoto za zamani kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kidogo. Gundi nyeupe ya mbao iliyozishika hulainika, ukakwangua taratibu. Karibu na mota za kubadilishia njia, tumia brashi yenye unyevu tu.

Udongo mwekundu ndio roho ya Voi, na hakuna rangi ya kopo inayoufikia udongo wenyewe, kwa hiyo tumia udongo halisi. Uanike hadi ukauke kabisa, uupondeponde, uuchekeche kwa chujio la chai, halafu upitishe sumaku juu yake mara kadhaa. Utaona chembe nyeusi zikirukia sumaku. Ni chuma, na zikiingia kwenye mota ya injini zitaiua. Jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi, maana udongo ukishagandishwa kwa gundi hukolea rangi. Mimi huchanganya gundi na maji nusu kwa nusu, nikatia tone la sabuni ili yapenye badala ya kubingirika juu ya vumbi.

Baada ya hapo, jizuie. Mbuyu mmoja, mistari ya mkonge wa karatasi, na mlima Sagalla uliochorwa nyuma vinatosha. Watu wawe wachache, na kila mmoja awe na sababu ya kuwepo: huyu anangoja treni, yule amebeba mzigo wa abiria. Nchi ile ni pana, na upana huo ndio unaofanya injini ionekane kubwa.

Kiungo kati ya kipande kipya na ubao kifiche chini ya njia ya miguu au safu ya vichaka. Usikigandishe kwa gundi. Skrubu mbili kutoka chini zinatosha, ili waya ukikatika siku moja uinue Voi yote bila kuvunja hata jani la mkonge.