Moshi wa bani

Mwanangu Doto,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu, kisha nikampa Kulwa simu naye akausikiliza. Umeniuliza: hii njia uliyoishika tangu mwezi wa tatu, ya kuvuta vepu, hiyo sigara ya umeme, huku sigara zenyewe ukizipunguza moja moja, ni kuacha kweli au ni kujidanganya? Umesema ulikuwa kwenye ishirini kwa siku na sasa uko kwenye sita. Umesema pia kwamba wiki iliyopita, ulipotoka zamu ya usiku pale ghalani Coventry, Uingereza, ulivuta tisa mfululizo, ukakaa kitandani na viatu miguuni, ukajiita majina ambayo mimi baba yako sijawahi kukuita hata siku ile ulipopoteza ndama wa babu.

Nitakujibu. Lakini naanzia kwenye hayo majina, maana vepu siijui, ila majina hayo nayajua yote. Nilijiita hayo hayo kwa miaka kumi na mbili.

Jani haliharakishwi. Neno hili mmelisikia kwangu mpaka mkalichoka, na mama yenu alikuwa akinikatiza kabla sijalimaliza. Nalirudia kwa sababu sijapata jingine lenye ukweli kulishinda. Jani la tumbaku likiingia bichi banini, kile chumba cha kulikaushia, unalipatia joto la nyuzi 35, nyuzi 38, basi, unaliacha ligeuke njano lenyewe. Halafu unapandisha kidogo kidogo mpaka ubapa wake ukauke. Siku za mwisho kabisa ndipo unapeleka joto kwenye 70 ili kikonyo nacho kikauke. Aliyechoka kusubiri akatupia kuni zote siku ya kwanza, asubuhi anafungua mlango anakuta jani jeusi, kama lililomwagiwa maji ya moto. Jani hilo halina mnunuzi. Na hata ukilitukana halirudi kuwa njano.

Mimi nilijiharakisha. Mkesha wa kuupokea mwaka 1998, unaukumbuka, mvua za El Nino zinapiga mabati mpaka mhubiri hasikiki, nilisimama kanisani nikasema mbele ya watu wote kwamba sigara nimeiacha usiku ule. Tulipofika nyumbani nikaitupa pakiti ya Sportsman motoni mbele yenu. Mama yako alilia kwa furaha. Kulwa alicheza. Wewe ulisimama tu, unaitazama inavyoungua.

Siku arobaini sikugusa. Nilikuwa naamka usiku nimelowa jasho, mchana nawagombeza kwa vitu ambavyo havikuwa na kosa, lakini sikugusa. Jumapili watu walinishika mkono. Nilianza kujiona mtu wa aina nyingine, na hapo ndipo hatari ilipokuwa, ila sikuiona.

Usiku wa arobaini na moja nilikuwa kwenye zamu ya bani. Kuni zimelowa, kipimajoto kinashuka, na ndani ya bani lile kulikuwa na mkopo wa mbolea wa msimu mzima. Kijana aliyekuwa ananisaidia alikwenda kulala akaacha sigara mbili juu ya tofali. Nilizitazama tangu saa mbili. Saa sita na kitu nikatoa kijinga cha moto, nikawasha.

Ndipo ulipokuja. Una miaka tisa, umejifunika gunia kichwani, chupa ya chai mkono mmoja, matobolwa na karanga kwenye mfuko wa nailoni, mama yako ameamka kunisikitikia akakutuma. Nikaificha nyuma ya mgongo. Ukanusa hewa. Ukauliza, "Baba, nini kinanukia?" Nikakujibu, "Moshi wa bani."

Mtoto aliyezaliwa kwenye tumbaku anajua moshi wa kuni za miombo unavyonukia, na anajua sigara inavyonukia. Lakini hukusema neno. Ulinimiminia chai, ukakaa karibu na tanuri mpaka nikamaliza kikombe, ukaenda kulala. Asubuhi mama yako aliinusa shati yangu, akaniinulia macho, na kabla sijafungua mdomo wewe ukasema, "Ni moshi wa bani, mama. Nilikuwa naye."

Nimezika wazazi wangu, Doto. Nimemzika mama yako. Maneno yako ya asubuhi ile bado sijapata pa kuyaweka.

Watu wanaamini kwamba mvutaji akiaibika ataacha. Mimi aibu ilinipeleka dukani kununua pakiti nzima siku ile ile. Nilijiambia: umemdanganya Mungu, umemdanganya mkeo, na sasa umempa mtoto uongo wako aubebe, unalinda nini tena? Sigara moja ningeweza kuisamehe ikapita. Mwongo sikuweza kumsamehe, na nilipokwisha kujiita mwongo, nikavuta kama mwongo: nyuma ya bani, nyuma ya ghala la chama cha msingi, chooni, vidole nikivisugua limau kabla ya kuingia ndani. Miaka kumi na mbili. Mpaka leo nasema sigara ile moja haikuniharibia kitu. Yaliyoniharibia miaka ile ni majina niliyojipa baada yake.

Nilivyoacha hasa hukuona, maana mwaka 2010 ulikuwa chuoni Dar es Salaam. Sikusimama mahali popote. Nilimwambia mama yako peke yake. Nikachukua lile daftari ninaloandikia joto la bani, nikaorodhesha sigara zangu za siku kwa mahali pake: ya chooni alfajiri, ya baada ya chai, ya njiani kwenda shamba, ya kusubiri mizani. Zilikuwa kumi na nne. Nikaanza na ile niliyoipenda kidogo kuliko zote, ya saa nne, ambayo nilikuwa naivuta kwa sababu tu jirani naye anavuta. Nikakaa wiki tatu bila hiyo. Kisha nyingine. Mkononi nashika mbegu za maboga. Ilinichukua miezi kumi na minne, na ile ya usiku banini ilinirudisha mara nne. Kila iliponirudisha nilimwambia mama yako kabla hajanusa. Naye alikuwa na jibu moja: "Haya. Umekula?" Kisha ananiwekea ugali. Hakuongeza neno, na hakuwahi kulitaja siku ya pili. Ningependa ungemwona mama yako katika miezi ile.

Sasa vepu. Ulimi unaniwasha.

Unajua sisi wa Tabora tumbaku yetu ni ya mvuke, na ya wenzetu wa Songea ni ya moshi. Kwetu moto unapita ndani ya mabomba, jani linapata joto tu. Kwao moshi wenyewe unaligusa jani. Kwa hiyo nesi wa huko alipokuambia kwamba kinachokushika ni nikotini lakini kinachoua ni ule moshi, nilimwelewa kabla hujamaliza kunieleza. Sigara inaungua. Kinachoungua kinatoa lami, na kinatoa ile hewa ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala wamefunga madirisha. Vepu haiungui, inapasha kimiminika joto. Hilo nalikubali kwa moyo mmoja.

Lakini nikotini naijua kwa ngozi yangu. Tulipokuwa tunavuna alfajiri, majani yana umande, ilikuwa inapenya mikononi. Saa nne unatapika, kichwa kinazunguka, na hujawasha kitu chochote. Kitu cha namna hiyo siwezi kukiita mvuke mtupu. Kulwa amenisomea kwamba Uingereza mwaka 2023 walianza kuwagawia wavutaji vifaa hivyo bure ili waachane na sigara, na kwamba Uganda, kwa sheria yao ya 2015, wamekataza hata kuviuza. Nchi zote mbili zina madaktari. Nadhani tofauti ni yule kila mmoja anayemtazama. Mwingereza anakutazama wewe, mtu mzima mwenye miaka kumi na tano ya sigara kifuani. Mganda anamtazama mtoto wa shule ambaye hajavuta kitu maishani. Nikikuwaza wewe, naegemea kwa Mwingereza. Nikimwaza huyu mjukuu anayechora pembeni yangu hapa mezani, naegemea kwa Mganda. Kwa hiyo ukija likizo na kitu chako hicho chenye harufu ya embe, usikiache juu ya meza.

Kulwa, unamjua, muuguzi yule hana subira na mafumbo yangu ya bani. Amesoma mpaka hapa juu ya bega langu akasema, baba mwambie na hili. Kuna utafiti uliochapishwa 2018: anayevuta sigara moja tu kwa siku, moyo wake unabeba karibu nusu ya hatari ya ziada anayobeba mvutaji wa ishirini. Si sehemu moja ya ishirini. Karibu nusu. Maana yake zile sita, hata ukizivuta kwa adabu na vepu kando, moyo bado haujapumzika. Faida ya vepu inakuja pale sigara zinapokwisha kabisa.

Nikamwambia, jani haliharakishwi. Akanijibu, "Na bani la babu je?"

Nikanyamaza. Hukuwa umezaliwa, lakini ukuta wake umeuona, mmecheza hapo. Babu yako alikuwa mpole kuliko mimi. Jani lilikuwa limekwisha kukauka mpaka kikonyo, yeye akasema liachwe usiku mmoja zaidi, liive vizuri. Jani moja kavu likadondoka juu ya bomba la moto. Kufikia alfajiri hapakuwa na bani. Kwa hiyo Kulwa yuko sahihi, na mimi niko sahihi, na tangu jana nabishana na nafsi yangu nikitafuta mahali ambapo polepole inageuka kuwa kuchelewa. Kwa tumbaku nilikuwa napajua kwa kukivunja kikonyo na kusikiliza mlio. Kwako wewe sina cha kuvunja. Wewe ndiye unayekijua kifua chako kinavyopanda ngazi.

Nilitaka nikuwekee tarehe. Niliiandika hapa, kisha nikaikata. Kulwa akikutumia picha ya barua hii utaona nilivyokwaruza. Nikikuwekea tarehe nitakuwa nimekusimamisha kanisani.

Ila fanya haya kwa ajili yangu. Ziandike zile sita kwa mahali pake. Ya kutoka zamu naona ndiyo bani lako, hiyo iache iwe ya mwisho, usipambane nayo kwanza. Na Kulwa anauliza umeweka nikotini ya nguvu gani. Anasema kisheria huko haizidi miligramu 20 kwa mililita, na kwamba watu wengi wanaishusha mapema wakitaka kujiadhibu, kisha mwili unadai kilichobaki kwa sigara. Kama umeishusha, huenda zile tisa zilitoka hapo, wala si udhaifu wako. Ipandishe, sigara ziishe kwanza. Kushusha vepu yenyewe ni kazi ya baadaye. Na usiku mwingine zikifika tisa, nipigie, hata iwe saa ngapi. Siku hizi silali sana. Sitakuuliza ni ngapi. Nitakuuliza kama umekula.

Kuna kitu sijawahi kukuuliza wewe. Sijawahi kuuliza sigara yako ya kwanza uliivuta wapi, kwa sababu naogopa utataja harufu niliyokuletea mimi. Hiyo iache kama hutaki. Lakini ya pili nijibu, nimeingoja tangu ukiwa na miaka tisa. Asubuhi ile, ulipomwambia mama yako ni moshi wa bani, uliniamini, au ulikuwa unanificha?

Kulwa anakusalimu. Kuna kijana wa hapa mtaani anasafiri mwisho wa mwezi kwenda huko kusoma. Nimempa matobolwa kilo mbili na mbegu za maboga, nimezikaanga mwenyewe bila chumvi.

Baba yako,
Urambo