Jiwe la nje: litazame linavyokunywa maji kabla ya kutazama rangi

Muuzaji wa mawe akikuona unasita, atachukua chupa ya maji amwagie kipande cha jiwe la Mazeras. Jiwe lililokuwa limepauka litawaka: njano iliyoiva, mistari ya hudhurungi, labda na wekundu kidogo pembeni. Wengi hulipia hapo hapo. Usilipe. Ngoja likauke mbele yako, utazame maji yamekwenda wapi. Yakikaa juu kwa dakika kadhaa, jiwe limeshikamana. Yakizama mara moja na kuacha doa lisilokauka hata baada ya saa nzima juani, hilo ni jiwe linalokunywa, na jiwe linalokunywa lina mahali pachache pa kukaa nje ya nyumba.

Hitilafu nyingi za sakafu ya mawe ya nje zina mzizi mmoja: maji yaliingia yakakosa pa kutokea. Magamba yanayobanduka, unga mweupe wa chumvi unaorudi kila unapofagiwa, utelezi wa kijani penye kivuli, jiwe linalocheza ukilikanyaga, yote hutoka huko. Hata vanishi inayobabuka ni maji yaliyokuwa chini yake yakitafuta njia.

Majina ya sokoni na yaliyomo ndani yake

Kenya, jina la kwanza utakalosikia ni Mazeras, kwa mji ulio kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Ni jiwe-mchanga, yaani punje za mchanga zilizogandamana kwa tabaka, ndiyo maana hupasuka bapa bila msumeno. Njano na hudhurungi yake ni madini ya chuma. Kumbuka hilo, litakuja kukuhusu siku ya kusafisha. Galana nalo ni jiwe-mchanga, limeitwa kwa mto ambao ukikaribia Malindi huitwa Sabaki, na mara nyingi huwa la kijivu, kijani iliyofifia au kahawia.

Jina lisikuleweshe. Chimbo moja lina tabaka ngumu na tabaka laini, na lori moja linaweza kubeba zote mbili. Kinachopimwa ni kipande kilicho mkononi mwako.

Jiwe la matumbawe la pwani ni jiwe la chokaa lenye matundu tele. Kwenye ukuta uliopakwa lipu ya chokaa limedumu karne kadhaa. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ni matumbawe. Sakafuni ni habari nyingine: matundu hushika uchafu, kingo humeguka, na unyayo mtupu hautalifurahia. Litumie kwa ukuta mfupi wa bustani au kingo za maua. Vivyo hivyo mawe ya kuchonga ya Ndarugo ya upande wa Juja: ni majivu ya volkano yaliyogandamana, mepesi na rahisi kukatwa, mazuri kwa ukuta. Ukiyatandaza chini yatakunywa mvua na kulika.

Marumaru halisi (si vigae, ambavyo Tanzania huitwa kwa jina hilo hilo) huvutia macho, lakini ni ya jamii ya chokaa. Ndimu, ukwaju au siki ikimwagika huacha doa lililofifia ambalo sabuni haiwezi kuliondoa, kwa sababu uso wenyewe umeliwa. Ikiwa imeng'arishwa, mvua ikinyesha inageuka barafu. Onyo hilo hilo ni kwa mabaki ya granaiti ya jikoni ambayo watu huyachukua kwa bei nafuu kutengenezea ngazi za nje. Granaiti ndiyo ngumu kupita zote na haina hofu ya gari wala chumvi, ila ya nje iwe imechomwa moto usoni au kugongwagongwa ili ikwaruze. Iliyong'arishwa iache jikoni.

Majaribio ya kufanya kabla ya kutoa pesa

Omba vipande vitatu au vinne kutoka sehemu tofauti za rundo, si kile alichokuchagulia muuzaji. Kigonge kila kimoja kwa nyundo ndogo huku umekishika kwa ncha za vidole. Kikilia kama kengele, ni kizima. Kikitoa mlio mfu, kina ufa au tabaka zimeanza kuachana. Kisha kwaruza uso kwa msumari: mstari mwembamba hauna neno, lakini punje zikidondoka kama sukari, kiache.

Jaribio la maana zaidi linataka mizani ya jikoni na siku chache. Anika kipande juani hadi uzito wake usipungue tena, kipime, kitumbukize kwenye ndoo kwa saa 24, kitoe, kifute kwa kitambaa, kipime tena. Kipande cha gramu 1,000 kilichorudi na 1,030 kimekunywa asilimia 3. Sisi tunakwenda hivi: hadi asilimia 3, weka popote, kati ya 3 na 6, weka kwenye baraza na njia za miguu lakini si kando ya bwawa la kuogelea wala mahali panaporushiwa maji ya bahari, ikipita 6, tafuta jiwe jingine.

Kwa nini bahari na bwawa vitengwe? Maji ya chumvi yakiingia kwenye vitundu na kukauka, chumvi hubaki ndani na kugeuka fuwele. Kesho yanaingia mengine, fuwele zinakua, zinasukuma punje kutoka ndani. Jiwe huanza kuvua ngozi, jembamba kama karatasi, na hakuna dawa ya kulirudisha. Bwawa lililotiwa dawa ya klorini au chumvi hufanya kazi ile ile polepole, hasa kwenye ukingo unaolowa na kukauka mara nyingi kwa siku.

La mwisho, tone la siki kali. Likitoa povu, jiwe lina chokaa ndani, kwa hiyo liepushe na asidi maisha yake yote. Marumaru nyingine hazitoi povu hadi ukwaruze kidogo upate unga wake.

Ukishapata jiwe zima, ndipo uangalie rangi, nayo uifikirie kwa miguu. Mawe meusi na ya kijivu kilichokoza hushika joto; saa nane mchana Malindi au Dodoma hayakanyagiki bila viatu. Penye watoto na bwawa, chagua rangi hafifu.

Kununua kwa mita, kwa tani au kwa rundo

Tuchukue baraza la mita 6 kwa 4, yaani mita za mraba 24. Kwa vipande vilivyokatwa mraba ongeza asilimia 10, ununue 27. Kwa vipande visivyo na umbo maalumu, au kama kuna kona za mviringo, ongeza 15 hadi 20, maana vipande vidogo vya mwisho havina kazi.

Ukiuziwa kwa tani, uliza unene kwanza. Mita moja ya mraba ya jiwe-mchanga lenye unene wa milimita 25 ina kilo 60 hivi, kwa hiyo tani moja inafunika karibu mita 16. Likiwa na milimita 40, tani hiyo hiyo haizidi mita 10 au 11. Hapo ndipo bei iliyoonekana rahisi inapokutoa jasho. Kwa miguu tu, milimita 20 hadi 30 zinatosha. Gari litataka 40 kwenda juu na zege la kweli chini yake. Vipande visivyo na umbo vipimwe vikiwa vimetandazwa chini na kubananishwa.

Chukua mzigo wote kwa mara moja. Njano ya mwezi huu si njano ya mwezi ujao, hata kutoka chimbo lile lile.

Chini ya jiwe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa hapaonekani. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, chimba uutoe wote ikiwezekana. Ukiubakiza, utainua na kushusha sakafu kila msimu. Jaza moramu au kifusi safi, sentimita 10 hadi 15 baada ya kushindiliwa, ukishindilia tabaka kwa tabaka huku ukinyunyiza maji. Juu yake zege la sentimita 7.5 kwa baraza. Kwa baraza letu hiyo ni mita za ujazo 1.8, na kwa uwiano wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) itachukua mifuko 8 hivi ya saruji. Pa gari weka sentimita 10 au zaidi na wavu wa nyaya za chuma, BRC, ndani.

Mwinamo uanzie kwenye udongo, si kwenye jiwe. Sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje, kwa hiyo baraza la upana wa mita 4 linashuka sentimita 6 hadi 8. Fundi atakwambia ni mwingi. Jiwe lililopasuliwa kwa asili lina mabonde, na mwinamo mdogo huyageuza madimbwi. Uso wa mawe ubaki sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu ukutani, la sivyo nyumba itaanza kutoa chumvi ndani.

Kabla ya kulaza hata jiwe moja, yapange kwa unene. Manene yatangulie, kwa sababu ndiyo yanayoamua uzi wa kusawazishia upite wapi. Mchanganyiko wa kulalia ni saruji 1 kwa mchanga 4, unene sentimita 3 hadi 4, usiwe uji. Kwa mita 24 ni mifuko 7 na mita moja ya ujazo ya mchanga. Ongeza miwili ya kujaza mianya na kupaka migongo. Mchanga uwe wa mto, na maji yawe matamu. Pwani watu huchanganya kwa maji ya kisima yenye chumvi, kisha hushangaa unga mweupe unatoka wapi.

Osha mgongo wa jiwe, lilowanishe kidogo, lipake uji mzito wa saruji, lilaze, ligonge kwa nyundo ya mpira. Mchanganyiko ufunike mgongo wote. Usimruhusu fundi aweke mafungu matano, manne pembeni na moja kati. Anafanya hivyo kwa sababu ni haraka na ni rahisi kusawazisha, ila chini panabaki mapango yanayojaa maji, na jiwe likipata uzito penye pango linakatika.

Acha mianya ya milimita 10 hadi 15, uijaze kesho yake kwa uwiano wa 1:3, ukifuta saruji iliyomwagikia juu kabla haijakauka. Kando ya ukuta wa nyumba, na kila mita 4 au 5, acha mwanya mmoja usiotiwa saruji, uuzibe kwa silikoni ya nje, maana jua litaipanua sakafu na ni lazima ipate pa kwenda. Mwagilia siku saba. Usikanyage siku mbili za kwanza. Gari lisubiri wiki nne.

Baada ya fundi kuondoka

Usikubali asidi ya kuondolea madoa ya saruji. Kwenye Mazeras inaamsha yale madini ya chuma, na utabaki na madoa ya kutu pasipokuwa na msumari hata mmoja. Tumia brashi ngumu ya plastiki na maji. Mashine ya maji ya shinikizo itumike kwa mbali, la sivyo itachimba mianya.

Vanishi ya kung'arisha, tunaipinga. Mwezi wa kwanza inapendeza. Masika yakipita unyevu wa chini unainua ngozi yake, nayo inabaki mabaka meupe ambayo kuyaondoa ni kazi ya wiki. Ukitaka kinga, nunua dawa ya kuzuia maji inayozama ndani na kuruhusu jiwe kupumua, uijaribu kwanza kwenye kipande cha akiba, kisha uipake baada ya wiki nne jiwe likiwa kavu kabisa. Rudia kila miaka miwili au mitatu. Penye jiko la nyama choma usiikose, maana jiwe-mchanga likinywa mafuta halitemi.

Kijani kikiota kivulini, changanya jiki sehemu moja na maji kumi, ngoja dakika kumi na tano, sugua, suuza sana. Jiwe likianza kucheza, linyanyue siku hiyo hiyo. Kwangua mchanganyiko wa zamani hadi zege, mgongoni na chini, kisha ulilaze upya kwenye kitanda kilichojaa. Kulichomekea saruji pembeni kunaziba njia ya maji kutoka tu.