Maswali Yenu: Kitabu cha kumbukumbu za dada, rafiki na mwenzetu kazini

Waliotuandikia safari hii wako kwenye kazi moja: kukusanya kumbukumbu za mtu mmoja kutoka kwa watu waliomjua kwa njia tofauti, nyumbani, mtaani na ofisini, na kuzitia kitabuni.

*Dada yetu alifariki mwaka jana. Tuliwaomba ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake waandike chochote wanachokumbuka. Tumepata karatasi nyingi, na zote zinasema alikuwa mcheshi, mchapakazi na mwenye upendo. Hazisomeki. Tufanye nini?* — Mdogo wake

Poleni sana kwa msiba. Kosa si la walioandika, ni la ombi lenyewe. Ukimwambia mtu "andika chochote", anashika lugha ya rambirambi kwa sababu ndiyo iliyo karibu naye. Rudini kwa watu walewale, safari hii na maswali matatu au manne tu kwa kila mmoja, yanayolingana na mahali alipomjulia.

Ndugu waliolala naye chumba kimoja waulizwe: Ni kitu gani chako alikuwa akikichukua bila kuomba? Mkigombana, nani alianza kuongea tena, na kwa maneno gani? Marafiki: Alikuwa akikupigia saa ngapi, na neno lake la kwanza lilikuwa lipi? Alikupa ushauri gani ukaukataa? Wa kazini: Juu ya meza yake kulikuwa na nini? Ni kazi gani unayoifanya mpaka leo kama alivyokuonyesha yeye? Kikao kikirefuka alifanyaje?

Ongezeni na swali la nini kilikuwa kikimuudhi. Watu huliogopa kwa kuwa hawataki kuonekana wanamsema marehemu, lakini majibu yake huwa bora kuliko ya swali la nini kilimfurahisha. "Hakuvumilia mtu arudishe kalamu bila kifuniko" inamleta mtu mbele ya macho. "Alipenda utaratibu" haimleti mtu yeyote.

Tuseme karatasi moja imeandikwa: "Alitufundisha kazi kwa uvumilivu mkubwa." Mpigieni mwandishi wake simu, mmuulize siku ya kwanza ilikuwaje. Huenda akasema: "Alinipa faili lililokosewa, akaniambia nitafute kosa, akaondoka. Aliporudi hakuuliza kama nimeliona. Aliuliza nimeanzia ukurasa gani." Hayo ndiyo ya kuingiza kitabuni. Uvumilivu umo ndani yake bila kutajwa, na msomaji ambaye hakumfahamu anaanza kumfahamu.

Wekeni kikomo cha maneno 150 hadi 250. Bila kikomo, mwenye kalamu nyepesi ataleta kurasa sita na mwenye haya hataleta kitu. Muda wa wiki tatu unatosha. Mkiwapa miezi mitatu wataiweka kando na kuisahau. Kumbusheni mara mbili, siku ya kumi na siku mbili kabla ya mwisho, na kila ukumbusho uende kwa mtu mmoja mmoja, kwa jina lake. Tangazo la kwenye grupu kila mtu hudhani ni la mwenzake.

*Mama yetu ana mengi ya kusema kuhusu mwanawe lakini hataki kuandika. Nimejaribu kumrekodi kwa simu, sauti ina mwangwi na kelele.* — Kaka mkubwa

Simu inatosha, tatizo liko chumbani. Chagua chumba chenye kitanda, mapazia na zulia, kwa sababu kuta tupu na sakafu ngumu ndizo zinazorudisha sauti. Zima feni na friji ya karibu. Sikio lako limeshazoea mngurumo wake, kinasa sauti hakijauzoea. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, maana mezani kila kidole kinachogusa ubao kinasikika. Iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, kando kidogo, isielekezwe mdomoni moja kwa moja, la sivyo kila "p" itapuliza.

Rekodi dakika moja, isikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, kisha ndipo uanze. Mwanzoni taja tarehe na nani anazungumza. Mtie mama picha mkononi badala ya swali: "Hapa mlikuwa wapi?" hufungua mdomo haraka kuliko "Nieleze utoto wake." Akinyamaza, usijaze kimya hicho. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Mara nyingi jambo lenyewe huja baada ya hapo. Akikosea mwaka usimsahihishe pale pale, ataanza kujichunga. Nusu saa hadi dakika 40 kwa kikao kimoja inatosha, hasa kwa mzazi aliyefiwa, na akitaka kusimama simamisheni.

Kuandika kilichorekodiwa ni kazi nzito: saa moja ya mazungumzo huchukua kama saa nne hadi sita kuiweka kwenye maandishi. Gawaneni. Ondoeni marudio na "yaani" zilizozidi, ila maneno yake na lahaja yake yaacheni yalivyo. Kiswahili cha kitabuni kikiwekwa mdomoni mwake, wajukuu hawatamtambua.

*Rafiki zake wawili wanasimulia tukio lile lile kwa namna mbili tofauti. Tuchague ipi?* — Binamu

Yote mawili, ukurasa mmoja, moja chini ya jingine. Thibitisheni yale yenye karatasi: tarehe ya kuzaliwa, miaka ya shule, cheo, mwaka wa kuajiriwa. Hayo yakikosewa kitabu kizima kinatiliwa shaka. Lakini nani alicheka kwanza, au mvua ilinyesha au haikunyesha, si kazi ya mhariri kuamua. Msichanganye simulizi mbili kupata moja ya tatu ambayo hakuna anayeikumbuka.

*Picha zake nyingi zimegandia kwenye albamu ya zamani yenye kurasa za gundi. Nyingine tumetumiwa kwa WhatsApp, zikichapwa zinatoka na ukungu.* — Rafiki yake

Anza na zilizoganda. Usizing'oe kwa kucha wala kuzipasha moto. Kona hukunjika na rangi hubaki kwenye ukurasa. Fungua karatasi ya plastiki iliyo juu, chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, upitishe chini ya kona na uuvute taratibu kushoto na kulia, kama msumeno, huku umeulaza karibu na ukurasa. Ikigoma, acha. Skani ukurasa mzima na picha ikiwa mahali pake. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue kabisa. Iskani pamoja na kioo chake.

Kwa picha za karatasi weka skana kwenye nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa hivyo inatoa takriban nukta 2,360 kwa 3,540, ambazo karibu zinajaza ukurasa wa A4 bila kufifia, kwa kuwa uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi. Picha ndogo ya pasipoti ipe 1,200. Futa kioo cha skana kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi baada ya kila picha chache, maana chembe moja ya vumbi itakuwa doa kwenye shavu lake. Faili la kuhifadhi liwe la aina ya TIFF, isiyopoteza ubora. JPEG, aina ya kawaida ya picha za simu, hupoteza kidogo kila unapoihariri na kuihifadhi upya, hivyo iwe ya kutumiana tu.

Za WhatsApp zina ukungu kwa sababu programu huzipunguza zinapotumwa kama picha. Waombeni waliotuma wazitume upya kama hati, au kwa barua pepe, na wasipige picha skrini ya simu nyingine. Asiye na skana aiweke picha karibu na dirisha kivulini, azime flashi, simu iwe sambamba kabisa na picha.

Jihadharini na programu zinazojidai kurudisha sura zilizofifia. Hazirudishi kitu. Zinachora macho na meno mapya juu ya ukungu, na anayetoka ni mtu anayefanana naye. Picha hafifu ya kweli, ikichapwa ndogo, ni bora.

Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, pembeni: nani, wapi, lini. Kalamu ya wino huacha mkwaruzo unaotokeza mbele.

*Simu yake iko nyumbani, tunajua namba ya siri. Ndani kuna jumbe zake za sauti. Tuna haraka?* — Mume wake

Ndiyo, zaidi ya kitabu chenyewe. Msiirudishe simu kwenye hali ya kiwandani, msimpe mtu aitumie, na laini yake msiiache ife: mitandao hugawa upya namba zisizotumika, na namba ndiyo inayopokea misimbo ya kufungulia akaunti nyingine. WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120. Google nayo, kwa utaratibu uliotangazwa 2023, inaweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka miwili, pamoja na picha zilizomo.

Fungueni mazungumzo muhimu na kuyahamisha pamoja na faili zake, kisha mhakikishe jumbe za sauti zinacheza kwenye kompyuta. Wenzake nao wafanye hivyo kwenye simu zao, kwa sababu sauti aliyowatumia wao haipo kwenu. Kama mazungumzo yamewekwa ujumbe wa kujifuta, zimeni mpangilio huo leo, ingawa hautarudisha vilivyokwisha kufutika wala hautaokoa jumbe zilizotumwa ukiwa umewashwa. Hizo zihifadhini moja moja kwanza.

Facebook inaweza kugeuza ukurasa wake kuwa wa kumbukumbu ndugu wakiomba na kuonyesha uthibitisho wa kifo. Ikishageuzwa, hakuna anayeingia tena kwenye akaunti, hata mwenye nywila. Kwa hiyo nakala za picha zitangulie. Wekeni nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja kwenye nyumba nyingine. Simu yenyewe ihifadhiwe imezimwa ikiwa na chaji nusu, iongezwe kila baada ya miezi sita. Betri ikiachwa tupu kwa muda mrefu inaweza isiwake tena.

Na kabla ya kufungua yote: kilichomo ni chake na cha waliomwandikia. Amueni ni wawili gani watakaosoma, wengine wapewe kilichochaguliwa.

*Kuna mambo ya ugonjwa wake na ya ndoa yake ya kwanza. Yaingie?* — Dada mdogo

Kama yeye mwenyewe aliyasema mbele ya watu, yanaweza kuingia kwa kipimo alichokitumia yeye. Kama alimwambia mmoja faraghani, yabaki huko. Kabla ya kuchapa, kila aliyetajwa kwa jina asomewe sehemu inayomhusu. Barua zake mnaweza kuwa nazo mkononi, lakini haki ya kuzichapa ni ya warithi wake, na barua alizoandikiwa ni ya walioziandika. Ombeni ruhusa kwa maandishi, mstari mmoja unatosha.

*Tumebakiza uchapaji. Tupange vipi kurasa?* — Mfanyakazi mwenzake

Msipange kwa makundi ya "familia", "marafiki", "kazini". Ukipanga hivyo kila mtu atasoma kundi lake na kufunga kitabu. Pangeni kwa mambo: mlangoni kwake, kwenye simu, akiwa na hasira, akifundisha, safarini. Hapo dada na bosi wanakutana ukurasa mmoja, na huko ndiko mtu hugundua kuwa ucheshi wa ofisini ulikuwa na kimya chake nyumbani.

Kitabu cha kubana kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, na kisizidi 64 hivi, la sivyo hakitulii kimefungwa. Kikizidi hapo, kibandikwe gundi mgongoni, na pambizo ya ndani iwe milimita 20 ili maneno yasimezwe na mkunjo. Picha inayofika ukingoni iongezwe milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata. Karatasi ya gramu 80 huonyesha picha ya upande wa pili. Chukueni 120 au zaidi, jalada 250 hadi 300. Dai nakala moja ya majaribio iliyochapwa, usikubali ya kwenye skrini tu, na mpe aisome mtu ambaye hakuhusika. Majina ya watu ndiyo hukosewa zaidi, kwa sababu kila mmoja wenu anadhani mwingine ameyaangalia.

*Nimeteuliwa kusoma kwa dakika tano siku ya kuzindua kitabu. Najijua, nitalia.* — Rafiki yake wa tangu shule

Andika maneno 450, si zaidi. Kwa mwendo wa utulivu msomaji hufika kama 100 kwa dakika, na unahitaji akiba ya kusimama. Chapa kwa herufi za ukubwa wa pointi 16, mistari ikiachana, kurasa za upande mmoja zilizopewa namba. Usisome kwenye simu, skrini huzima pale pale unapofuta macho. Kisa kizito kiweke katikati, baada yake kiwe cha kuchekesha, kwani sauti hurudi haraka zaidi kwenye kicheko. Fanya mazoezi kwa sauti mara kadhaa, ukitia alama ya penseli kila mahali koo linapokaza, na hapo ufupishe sentensi. Mpe mtu mmoja nakala ya pili, akae mstari wa mbele, mkubaliane ishara: ukimtazama mara mbili, anasimama na kuendelea kutoka hapo ulipoishia.