Mvumo kwenye rekodi: usikimbilie kununua maikrofoni mpya

Ndugu, nimekuelewa: unarekodi maelezo ya video kwa kompyuta mpakato, sauti inatoka na mvumo, na sasa unataka kununua maikrofoni nyingine. Subiri kwanza. Chomoa chaja, urekodi kwa betri. Mvumo ukipotea, maikrofoni yako ni nzima; kinachokusumbua ni umeme wa chaja. Ukibaki, isogeze hadi sentimita 15 hivi kutoka mdomoni, upande kidogo ili pumzi za "p" na "b" zisiipige moja kwa moja, kisha punguza kiwango cha sauti inayoingia. Sikilizia hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti.

Ila ukigusa chuma cha kompyuta ukahisi shoti, hata ndogo, acha kuitumia kwenye chaja na umwite fundi umeme.