Historia ya shindano la tenisi la mji wako: anzia kwenye kombe, gazeti litafuata

Anayetaka kuandika historia ya shindano la wazi la tenisi la Kisumu, Nakuru, Kakamega au Eldoret hukimbilia magazeti ya zamani kwanza. Ushauri wetu ni aanze na kabati la makombe. Gazeti lilichapisha matokeo mwaka mmoja, likaruka mwaka uliofuata, na majina likayakosea. Kombe la kushindaniwa limebeba majina ya miaka mingi pamoja, na mara nyingi ndilo kitu pekee kilichonusurika kamati zilipobadilishana ofisi.

Kabla ya kusoma majina, pindua kombe uangalie chini na pembeni. Kombe la madini ya fedha halisi kutoka Uingereza lina safu ya mihuri midogo: simba anayetembea, alama ya mji fedha ilikopimwa (nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London) na herufi ya mwaka. Herufi hiyo inakwambia mwaka ambao fedha ilipimwa. Haikwambii mwaka wa shindano la kwanza. Ila kombe haliwezi kutolewa kabla halijakuwepo, kwa hiyo umepata mpaka wa chini. Ukiona herufi EPNS, hicho ni chuma kilichopakwa fedha na herufi ya mwaka hutaipata. Hapo utategemea maandishi.

Usilisugue kombe kwa dawa kali ili lisomeke. Tabaka la fedha ni jembamba na kila msuguo unaondoa sehemu ya mchoro. Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni karibu usawa wa chuma, upige picha. Herufi zilizofifia zitatoa kivuli. Kama bado hazisomeki, funika kwa karatasi nyembamba na upitishe penseli laini juu yake taratibu.

Angalia pia mkono wa mchongaji. Majina ya miaka sita yakiwa na mwandiko uleule na kina kilekile, yalichongwa siku moja, huenda kutoka kwenye orodha iliyotungwa kwa kumbukumbu. Ushahidi wake ni dhaifu kuliko jina lililochongwa peke yake mwaka wake. Vibao vidogo vya kwenye kitako cha mbao ni vya kutiliwa shaka zaidi, kwa sababu mbao ikiliwa na mchwa kitako hubadilishwa, na fundi hurudisha vibao kwa mpangilio anaouona yeye. Kombe jipya likitokea katikati ya orodha, uliza kama la awali lilichukuliwa moja kwa moja. Desturi ya mashindano mengi ilikuwa kwamba atakayelitwaa mara tatu anabaki nalo, na huenda liko sebuleni kwa familia fulani hadi leo.

Swali linalofuata ndilo linalowapotosha wengi: majina haya ni ya shindano gani? Enzi za ukoloni klabu zilibagua kwa rangi. Wazungu walikuwa na zao, Wahindi na zao, na Mwafrika aliingia kiwanjani kuokota mipira. Kwa hiyo maneno "bingwa wa Kisumu" katika gazeti la miaka ya 1950 yanaweza kumaanisha bingwa wa wanachama wa klabu moja, na mwaka huohuo mji ukawa na mabingwa wawili au watatu waliokuwa hawaruhusiwi kukutana. Usiwaunganishe kwenye orodha moja. Tengeneza safu ya waandalizi na nyingine ya walioruhusiwa kushiriki, kisha andika bayana mwaka ambao unaweza kuthibitisha kwamba mlango ulifunguliwa kwa yeyote mwenye raketi na ada. Kwetu, historia ya shindano la umma inaanza mwaka huo. Ya kabla yake ni utangulizi, na utangulizi huo unastahili kuandikwa bila kuficha.

Majina ya vyeo na miji nayo husaidia kunasa makosa. Kisumu ilitangazwa jiji mwaka 2001 na Nakuru tarehe 1 Desemba 2021. Ukikuta karatasi yenye kichwa "Shindano la Jiji la Nakuru, 1994", ujue kichwa kiliandikwa baadaye, hata kama matokeo ni ya kweli. Kombe la gavana wa kaunti haliwezi kutangulia 2013, na la mkuu wa mkoa ni la mfumo wa zamani.

Kuhusu aina ya uwanja, soma magazeti ya Kiingereza kwa tahadhari. Waingereza waliita kiwanja kigumu hata kile cha udongo mwekundu ulioshindiliwa, alimradi hakikuwa cha nyasi. Ubingwa wao wa taifa wa viwanja vigumu huko Bournemouth, ambako mwaka 1968 wachezaji wa kulipwa waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wa ridhaa na Ken Rosewall akamshinda Rod Laver katika fainali, ulichezewa juu ya udongo wa aina hiyo. Saruji au lami iliyopakwa rangi ya akriliki, ambayo ndiyo tunayoiita uwanja mgumu leo, ilipata hadhi kubwa mashindano ya wazi ya Marekani yalipohamia Flushing Meadows mwaka 1978. Basi usiandike "saruji" mpaka uone picha, risiti ya ukarabati au kiwanja chenyewe. Kiwanja kikiwa bado kipo, chunguza penye ufa au pembeni mwa nguzo ya neti: matabaka ya rangi huonekana, na unaweza kuhesabu mara kilizopakwa. Kikiwa na udongo mwekundu chini ya lami, chora na upige picha kabla mkandarasi hajakiziba.

Matokeo yenyewe yana siri nyingi kuliko watu wanavyodhani. Taibreki (gemu moja ya pointi inayoamua seti iliyo sare) iliingia mashindano makubwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1970, na Wimbledon mwaka 1971, wakati huo ikianza seti ikifika 8-8. Kwa hiyo karatasi isiyo na mwaka yenye seti ya 7-6 haiwezi kuwa ya miaka ya 1960. Seti za 10-8 au 12-10 katikati ya mechi zinaashiria kwamba taibreki haikutumika. Lakini hapa wengi huteleza: seti ya mwisho iliendelea kuchezwa bila taibreki katika mashindano mengi kwa miaka mingi, hata Wimbledon hadi 2018. Seti ndefu ya mwisho peke yake haikupi mwaka.

Kuna mtego mwingine mpya zaidi. Siku hizi, muda ukiwa haba, seti ya tatu hubadilishwa kwa taibreki ya pointi kumi. Ukiona 6-4, 3-6, 10-7, hiyo ni taibreki, kwa sababu seti isiyo na taibreki inayopita 6-6 huisha kwa tofauti ya gemu mbili kamili, na 10-7 ni tofauti ya tatu. Ila 10-8 inaweza kuwa kitu chochote kati ya viwili hivyo. Tazama mechi nyingine za karatasi hiyohiyo: ikiwepo hata 10-5 moja, karatasi nzima ni ya enzi ya taibreki ya pointi kumi. Na mechi yenye seti moja tu, kama 9-7 au 9-8, mara nyingi ni seti ndefu ya raundi za mwanzo iliyochezwa ili kuwahi giza. Usiitafsiri kuwa mechi iliyokatizwa na mvua.

Hesabu ya droo (mpangilio wa nani anakutana na nani) nayo hukusaidia kujua kinachokosekana. Katika mtoano, idadi ya mechi ni idadi ya wachezaji ukipunguza mmoja. Wachezaji 23 wanaingia kwenye droo ya 32, kwa hiyo 9 wanapita raundi ya kwanza bila kucheza. Wanaobaki 14 wanacheza mechi 7, kisha 8, 4, 2 na fainali: jumla 22. Ukipata matokeo 15, bado unatafuta 7, na kumbuka aliyepewa ushindi kwa sababu mpinzani hakutokea anahesabiwa humo. Ukipata 23, kuna karatasi ya shindano jingine imechanganyika, au mechi ya faraja imeingizwa.

Kwenye picha tazama mpira na raketi. Mpira wa manjano uliidhinishwa mwaka 1972, ingawa Wimbledon iliuchelewesha hadi 1986. Raketi ya chuma ya Wilson T2000 ilitoka 1967, na ile ya kichwa kikubwa ya Prince ikafuata 1976. Vitu hivi vyote vinakupa mwaka wa mapema zaidi tu. Raketi ya mbao ilirithiwa, ikafungwa nyuzi upya, ikaendelea kuchezewa. Usitoe picha kwenye miaka ya themanini kwa sababu tu ya mbao.

Sasa nenda kwenye magazeti, ukiwa na miaka ya kutafuta. Fainali nyingi huchezwa Jumapili, kwa hiyo fungua la Jumatatu na Jumanne, halafu rudi kwenye la Alhamisi na Ijumaa zilizotangulia kutafuta droo. Daily Nation ilianza Oktoba 1960. Kabla yake tafuta East African Standard. Kwa Bonde la Ufa usiiache Kenya Weekly News, iliyochapishwa Nakuru kwenyewe. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi ina magazeti ya kale, na Idara ya Nyaraka za Taifa ina vituo vya kumbukumbu Kisumu, Nakuru na Kakamega, ambako faili za halmashauri za zamani zinaweza kuonyesha nani alilipia ukarabati wa kiwanja. Nakili neno kwa neno, ukiandika tarehe ya gazeti na ukurasa, na makosa ya tahajia uyaache yalivyo. Masahihisho yanakwenda kwenye safu ya pembeni.

Majina yanahitaji subira. Patel, Singh au Otieno bila herufi za mwanzo hajatambulishwa. Baba na mwana huchukua kombe lilelile wakiwa na ukoo mmoja. Wanawake waliandikwa kwa herufi za waume zao, kwa hiyo bingwa anaweza kuonekana kama watu wawili, kabla na baada ya ndoa, na sifa yake ikagawanywa nusu kwa nusu. Hilo ni dhuluma ndogo iliyodumu, na ni kazi yako kuirekebisha kwa kuwauliza waliomfahamu.

Katika kuuliza, usianze na viongozi. Waokota mipira wa zamani, ambao wengi wao walikuja kuwa makocha, na watunza viwanja wanakumbuka zaidi, maana wao walikuwepo kila siku. Usimwulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Mwulize kama ilikuwa kabla au baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, Agosti 1978, au jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Kwa Kisumu, kujaa kwa ziwa kulikoanza na mvua za 1961 ni kigezo kizuri kwa walio na umri huo. Waketishe wawili waliowahi kucheza pamoja, mmoja atamsahihisha mwenzake. Halafu warudishie ulichoandika wakisikilize kikisomwa.

Mwaka usio na ushahidi uache wazi. Tumia alama tatu tofauti: "halikufanyika" ukiwa na ushahidi kwamba halikufanyika, "lilifanyika, mshindi hajapatikana", na "haijulikani". Usiandike kwamba machafuko ya mwanzoni mwa 2008 au zuio la michezo la 2020 lilisimamisha shindano kwa sababu tu inaelekea kuwa hivyo. Kubahatisha kwako leo kutanukuliwa kama ukweli mwakani.

Na shindano la mwaka huu lisitoke mikononi mwenu tupu. Hifadhini droo ya asili yenye masahihisho ya kalamu, siyo ile safi iliyochapwa baadaye. Andikeni jina kamili la kila mchezaji, kiwanja, saa, mfumo wa seti na aina ya mpira. Aina ya mpira ina uzito hapa kwetu. Kanuni za kimataifa zinaruhusu mipira ya nyanda za juu kuanzia mita 1,219 juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko karibu mita 1,850, hivyo mpira wa kawaida hudunda juu mno na kukimbia nje ya mstari, na matokeo ya fundi wa kupiga mpira kwa nguvu yanabadilika. Kisumu iko karibu mita 1,130, chini kidogo ya mpaka huo. Bila kumbukumbu hii, atakayelinganisha miji hii miwili baadaye atalinganisha michezo miwili tofauti. Kwa walio chini ya miaka 18, pateni idhini ya mzazi kabla ya kuchapisha majina na picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo.

Karatasi zikusanywe kwenye bahasha bila pini, maana pini hushika kutu upesi kwenye unyevu wa ziwa. Msizifunge kwa plastiki ya moto, haitolewi tena. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini. Skenini maandishi kwa nukta 300 kwa inchi na picha kwa 600, risiti za mashine ziwe za kwanza kwa sababu hufifia. Nakala moja ibaki klabu, nyingine maktaba ya umma ya mji, ya tatu kwa mtu wa nje ya kamati, na kila toleo la orodha ya mabingwa liwe na tarehe yake ili msomaji ajue masahihisho yapi yameingia.