Kutembea hadi Namugongo baada ya miaka sitini: anza na kuhesabu siku

Mara ya kwanza nilipotoka Busia, mji wa mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenda kwa miguu Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, nilikuwa na miaka 61, na sikufika kwa miguu. Siku ya tatu, kabla hatujaingia Iganga, malengelenge yalikuwa yamepasuka kwenye nyayo zote mbili na goti la kulia limevimba. Nikapandishwa kwenye pikapu iliyobeba magodoro. Niliingia Namugongo nimekaa juu ya mizigo ya wenzangu, na tarehe 3 Juni, misa ya Mashahidi hao, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, ilipofika mahali pa kupiga magoti, mimi sikuweza. Nililia pale, na si goti lililoniliza.

Sikuwa mgonjwa wala sikuwa mvivu. Nilikuwa nimeingia kwenye ratiba isiyo yangu. Kikundi chetu cha parokia kilijaa vijana, na ratiba iliandikwa kwa kipimo cha miguu yao: takriban kilomita 200 kwa siku 6, bila siku hata moja ya kupumzika. Sikuuliza swali. Niliona aibu kuuliza.

Miaka miwili baadaye nilirudi barabarani na nikatembea kutoka mpakani hadi madhabahuni kwa siku 13. Mzee mwenzangu, kama una nia hii moyoni, nakuomba usianze na ramani, wala usianze na viatu. Anza na kujua kipimo chako. Chagua siku mbili zinazofuatana. Siku ya kwanza tembea umbali unaodhani unauweza, kisha kesho yake asubuhi amka utembee umbali uleule. Siku ya kwanza hudanganya, kwa kuwa kila mtu anaweza kujikaza mara moja. Umbali ulioumaliza siku ya pili bila kuchechemea, na bado ukapata usingizi usiku, ndio kipimo chako. Changu kilikuwa kilomita 18. Nikagawa 200 kwa 18, nikapata siku 11, nikaongeza siku 2 za kupumzika. Kisha nikahesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 31 Mei, nikaona lazima nivuke mpaka tarehe 19.

Kikundi hakiwezi kuondoka mapema hivyo kwa ajili yako, na si haki kukiomba. Tangulia. Sisi tulikuwa watatu, wote tumepita sitini, tukaondoka wiki moja kabla ya vijana na wakatukuta njiani. Usitangulie peke yako hata kama unaijua barabara. Mwombe paroko barua ya utambulisho yenye muhuri, kwa sababu parokia na shule za njiani hupokea mahujaji, lakini watu watatu wanaobisha hodi kabla ya msimu wenyewe wataulizwa wametoka wapi. Barua ile ilitufungulia milango kila tulipofika.

Najua kinachowazuia wengi, maana kilinizuia hata mimi. Nilihisi kwamba kutembea polepole ni kupunguza sadaka. Kilichonitoa hapo ni Matia Mulumba, mmoja wa Mashahidi. Watu wengi wana ibada kwa Kizito, mdogo kuliko wote, aliyekuwa na miaka kama 14, na kwa Karoli Lwanga aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Matia ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mtu wa miaka kama 50. Alizaliwa Busoga, akatekwa akiwa mtoto, akakulia Buganda. Alipokuwa akiishi Mityana alikuwa akitembea karibu kilomita 70 kwenda kufundishwa dini misheni, kisha anarudi kuwafundisha wenzake. Huyo alikuwa mtu mzima, ana nyumba na kazi, na alitembea kwa miaka. Barabara ya kutoka Bugiri hadi Jinja inapita katika nchi aliyozaliwa, nami hapo ndipo ninaposali rozari yangu taratibu kuliko mahali pengine popote.

Sasa mwili. Nenda kwa daktari miezi mitatu kabla, na usimwambie tu kwamba “nasafiri”. Mwambie utatembea saa tano kwa siku juani, siku nyingi mfululizo. Kama unatumia dawa za presha, hasa zile zinazokufanya ukojoe sana, muulize ufanye nini siku za jasho jingi, maana maji na chumvi hupungua mwilini na unaweza kuanguka ghafla. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni kwa kioo kidogo au amwombe mwenzake amwangalizie, kwa kuwa ganzi huficha kidonda. Jambo jingine ambalo mimi sikulijua: vidonge vya maumivu kama ibuprofeni, ukivimeza kila siku huku mwili umekauka na unatumia dawa za presha, vinaweza kuumiza figo. Safari ya kwanza nilivimeza kama njugu.

Na chanjo ya homa ya manjano. Uganda huitaka kadi yake, na ukishachanjwa mara moja inatosha maisha. Ila kama hujawahi kuchanjwa na umepita 60, usikimbilie sindano wiki ya mwisho. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na madhara yake makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kwa wazee. Zungumza na daktari kwanza, mapema. Malaria nayo ipo njia nzima, kwa hiyo chandarua hakiachwi nyumbani.

Mazoezi yangu yalichukua miezi minne. Nilianza na kilomita 4, nikawa naongeza kidogo kila wiki, na kila wiki ya nne napunguza ili misuli ipumzike. Mwezi wa mwisho nilitembea na begi lenye uzito uleule wa safari, kwenye lami, kwa sababu lami huchosha nyayo tofauti kabisa na njia ya shambani. Viatu vinunuliwe jioni, miguu ikiwa imevimba, na viwe vikubwa kidogo kuliko kawaida yako. Visifike Busia vikiwa vipya. Soksi za pamba hunyonya jasho zikabaki mbichi, na hapo ndipo malengelenge huzaliwa, kwa hiyo tafuta za sufu au za nailoni. Kila asubuhi napaka mafuta ya mgando katikati ya vidole. Nikihisi mahali panawaka moto kidogo, nasimama papo hapo nabandika plasta, hata kama wenzangu wanakwenda. Dakika tano za hapo zinaokoa siku tatu za mbele. Fimbo ni lazima, na ukizoea fimbo mbili ni bora zaidi, maana magoti ya wazee huumizwa na mteremko kuliko mlima.

Tulikuwa tunaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na saa tano tumeshafika. Mchana ni wa kufua soksi, kulala na kuinua miguu ukutani. Maji kunywa kabla ya kiu, kwa sababu kiu ya mzee huchelewa. Nilikuwa nachanganya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijana watakuambia soda. Kataa.

Barabara yenyewe ndiyo iliyonitia hofu kuliko kitu kingine. Ni njia kuu ya malori kutoka pwani, na karibu na Jinja na Lugazi huongezeka magari ya miwa. Magari hupita kushoto, kwa hiyo tembea upande wa kulia, uyaone yanayokujia. Vaa fulana ya kung'aa hata mchana. Msitu wa Mabira, baada ya kuvuka Nile, tulijipanga kuupita asubuhi tu, tukiwa tumelala karibu nao. Kivuli chake ni kitamu na ndege wanaimba, lakini sehemu nyingi hakuna pa kukanyaga zaidi ya ukingo wa lami, na usikivu wetu si ule wa zamani.

Kuvuka mpaka hakusumbui: Mkenya hupita kwa kitambulisho cha taifa. Badilisha pesa kidogo tu mpakani.

Fika Namugongo tarehe 31 Mei, si tarehe 2 Juni. Umati wa siku ya sherehe ni mkubwa mno, utasimama saa nyingi, na kutafuta choo tu ni safari nyingine. Ukiwahi unaweza kuingia basilika kwa utulivu. Madhabahu yake iko mahali alipochomwa Karoli Lwanga. Nilipiga magoti yote mawili hapo, nikakaa muda mrefu, na mwenzangu ndiye aliyenishika mkono kuniinua. Siku ya misa kubwa nilibeba kigoda cha kukunja, maji na kofia, nikakaa pembeni karibu na njia ya kutokea.

Dada yangu mkubwa sasa ana miaka 70 na anataka twende wote. Tumeshafanya jaribio letu, Jumamosi na Jumapili mfululizo, na kipimo chake ni kilomita 12. Kwa hiyo hatutaanzia Busia. Tutapanda basi hadi Jinja, tulale huko usiku mbili ili miguu yake itulie baada ya kukaa garini, halafu tuanze kutembea tarehe 25 Mei: siku 6 za njia, na siku moja Lugazi ya kupumzika. Ameshanunua viatu. Namwambia avivae hata jikoni.